Dark Star: Upweke wa Anga za Mbali kwa Fedha za Wanafunzi

Dark Star ni filamu ya Marekani inayochanganya hadithi ya kubuni ya kisayansi na vichekesho, na inahusu wanaume wanne wanaochoshana ndani ya chombo kidogo katika anga za mbali. Ilianza mwishoni mwa mwaka 1970 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, mjini Los Angeles. Iliungwaungwa kwa miaka kadhaa, ikaonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Filmex la mji huo Machi 1974, kisha Januari 1975 ikaingia katika kumbi chache za sinema. Gharama yake yote inakadiriwa kuwa dola 60,000. Filamu ya 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, iliyotoka 1968 na ambayo wanafunzi hao waliitazama kwa kustaajabu na pia kwa kutaka kuijibu, iligharimu zaidi ya dola milioni 10.

Watu wawili ndio walioibeba kazi hiyo. John Carpenter, aliyezaliwa 1948 katika jimbo la New York na kukulia Bowling Green, Kentucky, alikuwa mtoto wa mwalimu wa muziki wa chuo kikuu. Kabla ya Dark Star alikuwa ameshiriki kuandika, kuhariri na kutunga muziki wa The Resurrection of Broncho Billy, filamu fupi ya wanafunzi iliyopata tuzo ya Oscar. Dan O'Bannon, mzaliwa wa St. Louis, Missouri, mwaka 1946, alikuwa mwandishi mwenye mapenzi makubwa na hadithi za kisayansi. Waliandika muswada pamoja. Carpenter akaongoza, akawa mtayarishaji na kupiga muziki kwa sintesaiza. O'Bannon akahariri, akabuni mandhari ya ndani ya chombo, akasimamia madoido ya picha, na juu ya hayo yote akaigiza nafasi mojawapo kubwa. Mgawanyo huo wa kazi ulitokana na ukata, lakini ndio uliompa O'Bannon ujuzi wa kila pembe ya chombo alichokuwa akikibuni, na ujuzi huo ulikuja kumfaa sana baadaye.

Wakati walioanzia una maana yake. Wanaanga wa kwanza walikuwa wametua mwezini Julai 1969, na ilidhaniwa kwamba safari za mbali zaidi zingefuata bila kukawia. Badala yake fedha zilianza kupunguzwa. Safari ya Apollo 20 ilifutwa Januari 1970, na nyingine mbili zikafutwa Septemba mwaka huohuo, wakati watu walikuwa bado wanakwenda mwezini. Apollo 17, ya Desemba 1972, ikawa ya mwisho. Kwa hiyo filamu iliandikwa na kupigwa picha katika miaka ambayo anga ilikuwa inageuka kutoka ndoto ya taifa na kuwa kifungu cha bajeti kinachobishaniwa bungeni. Dark Star inafunguka na jambo hilo hasa. Ofisa mchangamfu kutoka duniani anaonekana kwenye skrini, akiwapa pole wanaanga kwa kifo cha kamanda wao na kwa mionzi inayovuja, kisha anawaarifu kwamba ombi lao la vifaa vya kuwakinga na mionzi limekataliwa kwa sababu fedha zimepunguzwa. Ujumbe huo umechukua miaka 10 kuwafikia. Hakuna wa kumjibu, wala wa kumkasirikia.

Hadithi imewekwa katikati ya karne ya 22. Binadamu wameanza kuhamia sayari za nyota nyingine, na vyombo vidogo vinatumwa mbele kuripua sayari zisizo imara zinazoweza kuhatarisha makazi yajayo. Kimojawapo kinaitwa Dark Star. Kimekuwa safarini miaka 20, lakini kwa kuwa kinakwenda kwa kasi kubwa mno, wafanyakazi wake wamezeeka kwa miaka mitatu tu, kama nadharia ya Einstein kuhusu wakati na mwendo inavyoelekeza. Kamanda Powell aliuawa na hitilafu ya umeme kwenye kiti chake, na mwili wake umehifadhiwa kwenye barafu, akiwa bado anaweza kuongea kwa shida. Luteni Doolittle, aliyeigizwa na Brian Narelle, amerithi uongozi bila kuutaka. Boiler na Pinback hukaa naye kwenye chumba cha kuongozea. Wa nne, Talby, hujitenga kwenye kuba la kioo juu ya chombo na kutazama nyota, hata kula chini pamoja na wenzake hataki. Chombo chenyewe kinaharibika taratibu. Chumba cha kulala hakifai tena, na ghala lililokuwa na akiba yote ya karatasi za chooni limeripuka.

Filamu nyingi za safari za anga zilizotangulia ziliweka hatari nje ya chombo: vimondo, maadui, viumbe vya ajabu. Ndani, wanaume waliovaa sare safi waliheshimiana na kutii amri. Dark Star iliiweka hatari ndani, na tena haikuipa sura ya kutisha, bali ya mazoea. Wanaume hawa hawapigani. Hawana tena la kuambiana. Boiler hujipitishia muda kwa kuchomachoma kisu katikati ya vidole vyake na kwa kulenga shabaha ndani ya chombo. Doolittle amejitengenezea ala ya muziki ya chupa na makopo, na moyoni mwake hamna kitu isipokuwa mawimbi ya California aliyokuwa akiteleza juu yake kwa ubao. Pinback huwachosha wenzake kwa mizaha isiyochekesha na hurekodi manung'uniko yake katika shajara ya video. Katika shajara hiyo anaeleza kwamba yeye si Pinback kabisa: ni fundi wa mafuta aliyeingia chomboni kwa bahati mbaya, akiwa amevaa sare ya mwanaanga aliyejiua. Hakuna aliyejali kulisahihisha kosa hilo kwa miaka yote. Wakati fulani inakuja kujulikana kwamba hawakumbuki jina la kwanza la Talby, na Doolittle halikumbuki hata lake mwenyewe. Ni nukta ndogo, inapita haraka, lakini filamu chache zilizotumia mamilioni zimeonyesha kwa ukweli kiasi hicho jinsi mtu anavyofifia asipokuwa na wa kumwita.

Njia za kukijenga chombo hicho kwa fedha za wanafunzi zimekuwa sehemu ya sifa ya filamu. Vitufe vinavyong'aa kwenye meza za chumba cha kuongozea vilikuwa trei za barafu zilizopinduliwa na kumulikwa kwa chini. Trei ya kuokea keki ndogo ilifungwa kifuani mwa vazi la mwanaanga, na mabaki ya povu gumu la kufungashia bidhaa yakawa mzigo wa mgongoni. Kwa picha za mbali za mtu akielea angani zilitumika sanamu za watoto za kuchezea. Shimo la lifti, ambamo Pinback ananing'inia kwa muda mrefu akihangaika kujiokoa, lilijengwa likiwa limelala chini. Kamera ikageuzwa, na O'Bannon, aliyemwigiza Pinback, akajifanya kana kwamba anakaribia kuanguka. Talby aliigizwa na Dre Pahich, ambaye lafudhi yake ilikuwa nzito, hivyo Carpenter akaingiza sauti yake mwenyewe juu ya midomo ya mwenzake.

Kiumbe kutoka sayari nyingine ndicho kinachokumbukwa zaidi. Pinback amekichukua kama mnyama wa kufuga, na sasa hakuna anayetaka kukilisha isipokuwa yeye. Kiumbe hicho ni mpira mkubwa wa plastiki wa kuchezea ufukweni, uliopakwa madoa, na kuongezwa miguu ya mpira yenye makucha. Aliyekuwa akiuchezesha ni Nick Castle, mwanafunzi mwenzao, ambaye miaka minne baada ya tamasha la Filmex alivaa kinyago cha muuaji Michael Myers katika Halloween ya Carpenter. Mtazamaji anaona wazi kuwa ni mpira. Hata hivyo mpira huo una tabia: una kiburi, unalipiza kisasi, unatekenya na kuhepa. Pinback anaufukuza katika njia za chombo, unamwingiza kwenye shimo la lifti, na mwishowe anapouchoma kwa sindano ya usingizi unatoa hewa na kuruka huku na huko hadi unasinyaa. Kumbe ulikuwa gesi tupu. Anawapelekea wenzake habari hiyo, na hakuna anayesikiliza.

Kwa upande wa picha za nje, wanafunzi walipata bahati ya marafiki. Ron Cobb, mchoraji wa vibonzo vya kisiasa aliyejulikana Los Angeles katika miaka ya 1960, alichora umbo la chombo, na Greg Jein akasaidia kuijenga modeli yake ndogo. Wote wawili walikuja kuwa majina makubwa katika kazi hiyo. Jein alitengeneza baadaye modeli ya chombo kikuu katika Close Encounters of the Third Kind ya 1977. Kuna pia picha moja fupi inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina yake katika sinema: chombo kinapoingia kwenye mwendo unaopita wa mwanga, nyota zinarefuka ghafla na kuwa mistari. Star Wars iliwafanya watazamaji wa dunia nzima waizoee picha kama hiyo mwaka 1977, na O'Bannon alikuwa miongoni mwa waliotengeneza michoro ya kompyuta ya filamu hiyo.

Toleo la kwanza la wanafunzi, lililopigwa kwa filamu ya milimita 16, lilikuwa la karibu dakika 45 na lilikuwa limegharimu takriban dola 6,000. Filamu ya urefu huo haikuwa na soko: ni ndefu mno kwa tamasha la filamu fupi, na fupi mno kwa ukumbi wa sinema. Mwaka 1973 fedha za msambazaji kutoka Kanada, Jack Murphy, ziliwezesha kupiga sehemu za ziada. Baadaye Jack H. Harris, aliyekuwa ametayarisha The Blob ya 1958, alinunua haki, akataka baadhi ya vipande vikatwe na vingine vipigwe upya, na filamu ikahamishiwa kwenye milimita 35. Toleo la kumbi za sinema likawa la dakika 83. O'Bannon alikuja kulalamika kwamba walikuwa na filamu ya wanafunzi iliyopita zote kwa uzuri, na wakaigeuza kuwa filamu ya kitaalamu iliyo duni kuliko zote. Alikuwa na haki ya kuumia. Lakini yeyote anayeitazama leo ataona kwamba urefu huo unafaa kwa maudhui yake. Mandhari zinazokwenda polepole, mazungumzo yanayokatika bila kufika popote, mtu anayening'inia kwenye lifti kwa dakika nyingi bila msaada: yote hayo yanamfanya mtazamaji ahisi uzito wa muda ambao wahusika wanaubeba. Filamu iliyokatwa vizuri zaidi ingekuwa nyepesi, na isingekuwa ya kweli kiasi hicho.

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyoipa filamu jina lake katika historia ya vichekesho. Mabomu ya Dark Star yana akili, na yanaongea kwa adabu. Dhoruba ya vimondo inaharibu mitambo ya mawasiliano ya chombo, na bomu namba 20 linapata mara mbili amri ya kuripuka ambayo hakuna aliyeitoa. Mara zote mbili kompyuta, yenye sauti ya upole ya mwanamke, inalibembeleza lirudi mahali pake, nalo linatii kwa kinyongo. Amri ya tatu ni ya kweli, lakini bomu linakwama, haliachii chombo. Linaambiwa lisiripuke. Linakataa: muda umeshaanza kuhesabiwa. Doolittle anakwenda kumuuliza Kamanda Powell aliyeganda, na marehemu anamshauri alifundishe bomu fenomenolojia, yaani tawi la falsafa linalochunguza jinsi vitu vinavyojidhihirisha kwa akili. Doolittle anavaa vazi la anga, anatoka nje, na kulihoji bomu: linajuaje kwamba amri ni ya kweli, ikiwa linachokijua ni taarifa za vihisio vyake tu? Ni shaka ileile ambayo René Descartes aliianzisha katika karne ya 17, na bomu linaielewa. Linarudi ndani kutafakari. Kisha linafikia hitimisho kwamba kitu pekee ambacho lina hakika nacho ni kuwepo kwake lenyewe, na kwa kuwa hakuna kingine, hakuna sababu ya kutotimiza kazi liliyoumbiwa.

Katika tukio hilo kuna sauti ya kompyuta HAL 9000 ya 2001, na kuna pia Dr. Strangelove, filamu ya Kubrick ya 1964 iliyofanya vita vya nyuklia kuwa kichekesho. Lakini Dark Star inaongeza jambo lake. Mazungumzo ya Doolittle na bomu ndiyo mazungumzo ya pekee katika filamu nzima ambamo watu wawili, kama bomu laweza kuitwa mtu, wanasikilizana. Wanaanga hawajawahi kuongea hivyo wao kwa wao. Mlipuko unawaua Boiler na Pinback. Talby anachukuliwa na kundi la vimondo vinavyong'aa ambavyo alivitamani maisha yake yote. Na Doolittle anatumia kipande cha mabaki ya chombo kama ubao na kuteleza kuelekea sayari iliyo chini yake. Wasomaji wa Ray Bradbury waliona mara moja ufanano wa mwisho huo na hadithi yake fupi ya Kaleidoscope, iliyochapishwa 1949, ambayo pia inahusu wanaanga wanaotawanyika angani baada ya chombo kuvunjika.

Wakati filamu ikikamilishwa, swali la watu kufungiwa pamoja angani lilikuwa limeacha kuwa la kubuni. Wanaanga watatu, Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue, waliruka Novemba 1973 kwenda kituo cha Skylab na kukaa huko siku 84, rekodi ya wakati huo. Ratiba waliyopangiwa ilikuwa nzito kupita kiasi, wakachelewa kazi, na uhusiano wao na waongozaji wa duniani ukawa mgumu. Tarehe 30 Desemba pande mbili zilizungumza kwa uwazi kwa redio. Ratiba ikalegezwa, na kazi ikaenda vizuri hadi waliporudi Februari 1974. Wiki chache baadaye Dark Star ilionyeshwa Filmex. Waandishi wake hawakuwa wanaigiza kisa cha Skylab, kwa kuwa muswada ulitangulia, lakini walikuwa wameliona jambo lenyewe: kwamba uhai wa wafanyakazi wa mbali unategemea kusikilizwa na waliowatuma, na kwamba umbali unapofanya hilo lisiwezekane, matatizo madogo hayapati pa kutokea.

Katika kumbi za sinema filamu haikufanikiwa. Riwaya iliyoandikwa na Alan Dean Foster kutokana na muswada wake ilikuwa imetoka 1974, lakini watazamaji walikuwa wachache, na wengi wa waliokuja hawakujua kama walitakiwa kucheka. O'Bannon alilichukulia jambo hilo kwa uzito. Ikiwa mpira wa ufukweni haukuwachekesha watu, alijiambia, basi huenda ingewezekana kuwatisha kwa hadithi ileile. Kabla ya kuliandika wazo hilo alikwenda Paris kusimamia madoido ya Dune, filamu iliyokusudiwa na Alejandro Jodorowsky. Mradi huo ulikufa kwa kukosa fedha. O'Bannon alirudi Los Angeles akiwa hana kitu, akapokewa nyumbani kwa Ronald Shusett, na wote wawili wakaandika hadithi iliyokuja kuwa Alien.

Alien, iliyoongozwa na Ridley Scott na kutoka 1979, imebeba mifupa ya Dark Star. Wafanyakazi saba wa chombo cha mizigo, mbali na nyumbani, wanabishana kuhusu malipo yao. Kiumbe kinaletwa chomboni na mmoja wao, kinatoroka, na kinawindwa katika njia nyembamba za ndani. Kompyuta inafuata amri za wengine. Ron Cobb, ambaye O'Bannon aliomba aajiriwe, alichora vyumba vya ndani vya chombo, vichafu na vilivyochoka. Kiumbe chenyewe kilibuniwa na H. R. Giger wa Uswisi, ambaye O'Bannon alikutana na kazi zake kule Paris. Kutoka hapo sura ya chombo cha anga kama mahali pa kazi, penye mafuta sakafuni na wafanyakazi wenye kununa, ilienea katika sinema za dunia. Sifa ya jambo hilo hupewa Scott, na anastahili sehemu yake, lakini wazo lilikuwa limeshaonyeshwa miaka mitano kabla kwa trei za barafu.

Carpenter naye hakuliacha suala la watu waliofungiwa pamoja. Assault on Precinct 13 ya 1976 inafanyika ndani ya kituo cha polisi kilichozingirwa. The Thing ya 1982 inawaweka wanaume kumi na wawili katika kituo cha utafiti cha Antaktika wakati wa baridi, ambapo kila mmoja anamshuku mwenzake kuwa si binadamu tena. Kile kilichokuwa uchovu katika Dark Star kimekuwa hofu, lakini chumba ni kilekile.

Upande wa vichekesho ulirithiwa Uingereza. Rob Grant na Doug Naylor waliandika katika miaka ya 1980 vipande vifupi vya redio ya BBC kuhusu mwanaanga mpweke aitwaye Dave Hollins, na Naylor ametaja Dark Star kuwa miongoni mwa vyanzo vyake. Vipande hivyo vilizaa Red Dwarf, iliyoanza kwenye televisheni ya BBC2 tarehe 15 Februari 1988. Humo fundi wa daraja la chini, Dave Lister, anaamka baada ya miaka milioni tatu na kukuta wenzake wote wamekufa kwa mionzi iliyovuja. Anabaki na kivuli cha kielektroniki cha mwenzake wa chumbani asiyempenda, kiumbe aliyetokana na kizazi cha paka wake, na kompyuta iliyochoka. Hata kifaa cha kuokea mkate kinaongea na hakikubali kunyamaza, ndugu wa wazi wa bomu namba 20. Tofauti kubwa ni kwamba mfululizo wa televisheni una muda wa kuwafanya wahusika wapendane taratibu, jambo ambalo Doolittle na wenzake hawakulipata.

Dark Star yenyewe iliokolewa na kanda za video. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Carpenter akiwa ameshajulikana kwa Halloween na O'Bannon kwa Alien, watu walianza kuitafuta kazi yao ya kwanza, na ikapata wafuasi waliokariri mazungumzo ya bomu na kuimba wimbo wa mtindo wa kantri unaofungua filamu, Benson, Arizona, uliotungwa muziki na Carpenter na kuandikwa maneno na Bill Taylor. Matoleo mawili yamekuwa yakiuzwa tangu wakati huo: lile la dakika 83, na jingine fupi zaidi ambalo vipande vilivyoongezwa kwa ajili ya kumbi za sinema vimeondolewa. O'Bannon alifariki Desemba 2009. Mwaka uliofuata ilitoka Let There Be Light, filamu ya kumbukumbu inayosimulia jinsi wanafunzi hao walivyoijenga Dark Star.